Yakini na Kivuli Chake: Vielezi vya Uhakika katika Kiingereza

Katika kila lugha yako maneno ambayo kazi yake si kueleza jambo, bali kulishuhudia. Kiingereza kinayo mengi: "clearly", "certainly", "surely", "obviously", "undoubtedly", "of course", "indeed". Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki hukutana nayo mapema, naye hufundishwa kwamba maneno haya hutia nguvu katika usemi. Orodha ya tafsiri huwa fupi: "certainly" ni hakika, "clearly" ni wazi, "undoubtedly" ni bila shaka. Basi huondoka darasani na imani kwamba hoja ikitakiwa iwe na nguvu zaidi, yafaa itiwe kielezi kimojawapo, kama mpishi atiavyo chumvi katika mchuzi.

Imani hiyo yahitaji kupimwa. Shahidi haitwi mahali pasipo kesi, wala mtu aaminiwaye haapishwi kila afumbuapo kinywa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na methali hii yafaa kwa maneno kama inavyofaa kwa bidhaa. Sentensi yenye ushahidi wake mkononi husimama yenyewe. Sentensi iliyoongezewa kielezi cha yakini humwambia msikilizaji jambo la pili, ambalo msemaji pengine hakukusudia kulisema: kwamba yuko mtu, mahali fulani, anayelitilia shaka lile jambo la kwanza. Kwa hiyo katika Kiingereza vielezi hivi si chumvi ya hoja. Ni kama mawe ya mpaka, yaonyeshayo mahali ambapo yakini imegombaniwa. Asiyeijua kazi hiyo hushindwa kuzisoma vyema tamthilia kubwa za lugha ile, hushindwa kuzifasiri, na huandika hoja dhaifu akidhani ameandika hoja imara.

Mfano mwepesi watosha kwa kuanzia. Mtu aliye dirishani asema, "It is raining". Habari imekwisha, wala hapana la kuongeza. Mwingine asema, "It is certainly raining". Hapo msikilizaji hutambua mara moja ama kwamba palikuwa na ubishi kabla yake, ama kwamba neno "lakini" laja nyuma: mvua yanyesha kweli, lakini si kubwa ya kuzuia safari. Wa tatu, aliye ndani ya chumba kisicho na dirisha, asikia matone yakigonga bati, naye asema, "It must be raining". Kitenzi chake kina sura ya lazima, lakini lazima hiyo yatoka katika akili yake, siyo machoni pake. Wa nne asema, "Surely it is raining", naye hatoi habari tena. Aomba kuungwa mkono. Ngazi ya yakini, basi, haipandi kadiri maneno yanavyoongezeka. Aliye juu kabisa ni yule wa kwanza, ambaye hakutumia kielezi chochote. M. A. K. Halliday, katika kitabu chake cha sarufi kilichotoka mwaka 1985, alilieleza jambo hili kama kitendawili cha lugha: watu hutaja uhakika wao pale ambapo uhakika huo haukukamilika.

Asili ya maneno haya yasaidia kuonyesha jinsi yalivyofika hapo. Mengi yalitoka katika Kilatini, baadhi yakipitia Kifaransa, na mengi yalianza na picha ya kitu kinachoonekana au kushikika. "Clear" latokana na neno la mwangaza na la sauti isikikayo vyema. "Obvious" lilikuwa jambo lililo njiani, ambalo mpita njia hukumbana nalo. "Evident" limo ndani yake tendo la kuona. "Certain" latokana na kitenzi cha kuchekecha na kuamua, kama mtu apembuaye nafaka na makapi. "Sure" ni ndugu wa "secure", na shina lao lilimaanisha mtu asiye na wasiwasi. "Indeed" ni maneno mawili yaliyoshikamana kuwa moja. Maana yake ya kwanza ni "katika tendo", yaani si kwa maneno matupu.

Msomaji ataona humu tofauti moja kubwa. "Evident" lilihusu kitu na jicho. "Sure" lilihusu moyo wa msemaji. Na mtu aweza kukosa wasiwasi hali hana ushahidi hata chembe. Wajinga wengi wamelala usingizi mzuri. Katika matumizi ya leo tofauti hiyo imefifia, na maneno ya jicho yametumikishwa na maneno ya moyo. Mtu husema "clearly" akimaanisha kwamba yeye ameridhika, naye huwapa wasikilizaji wake neno la mwangaza mahali pa mwangaza wenyewe.

Aidha matumizi yameyachakaza maneno haya kama sarafu zichakaavyo mikononi. "Apparently", ambalo katika zama za Shakespeare liliweza kumaanisha dhahiri kabisa, leo lamaanisha kwamba yasemekana hivyo, na msemaji hutaka asidaiwe dhamana. "Evidently" laifuata njia ile ile kwa hatua za polepole. "Doubtless", lenye sura ya kukana shaka yote, mara nyingi halizidi kuwa "labda" iliyovaa kanzu. Na "no doubt" limekuwa mlango wa "but": msemaji humkubalia mpinzani wake jambo moja dogo kwa heshima, ili ampokonye kubwa. Palipoandikwa "shaka imekwisha" ndipo shaka ilipofanya makao.

Mahali pa kielezi katika sentensi napo pana hukumu yake. "He did not answer clearly" ni habari ya ulimi wa mjibu: alijibu, lakini maneno yake hayakueleweka. "Clearly he did not answer" ni habari ya hakimu: mtu hakujibu kabisa, na msemaji ndiye aliyekata shauri. Maneno ni yale yale, ila kielezi kimehama kutoka mkia wa sentensi hadi kichwani pake. Na kwa kuhama huko kimemwacha mtu asimuliwaye, kikamshika mkono msimulizi. Mwanafunzi asiyeona mwendo huo hufikiri amesoma sifa ya tendo, kumbe amesoma dai la mwandishi.

Ushahidi mkubwa wa kazi ya vielezi hivi hauko katika vitabu vya sarufi. Uko katika fasihi. Hotuba ya Antony juu ya maiti ya Caesar, katika onyesho la pili la tendo la tatu la "Julius Caesar", ni somo la zamani katika shule za Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka 1963 tamthilia hiyo imesomwa kwa Kiswahili kwa kalamu ya Julius Nyerere. Yafaa kukumbuka hali ya Antony anapopanda mimbari. Brutus amempa ruhusa ya kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Basi hawezi kumwita Brutus mwongo. Chombo alichobakiwa nacho ni sifa, naye humsifu Brutus kuwa mtu wa heshima, tena na tena, kwa maneno yasiyobadilika ila kidogo.

Badiliko hilo dogo ndilo la kutazamwa. Mara ya kwanza sifa yaingizwa kwa neno la sababu: Antony ameruhusiwa kusema kwa kuwa Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya pili na ya tatu yaingizwa kwa "and" tu. Mara ya nne pachomozwa neno jipya, "sure". Na kabla ya neno hilo Antony ametaja nini? Ametaja taji ambalo Caesar alipewa mara tatu akalikataa mara tatu, jambo ambalo umati uliliona kwa macho yake mwenyewe. Kwa hiyo upande wa Caesar umepewa ushahidi wa jicho, na upande wa Brutus umepewa kielezi. Kadiri ushahidi wa mmoja unavyokua, ndivyo sifa ya mwingine inavyohitaji kutegemezwa kwa neno. Na nguzo ikionekana, kila mtu hutambua kwamba ukuta wataka kuanguka. Haupiti muda mrefu kabla raia mmoja hajapaza sauti kuwaita watu wale wa heshima wasaliti. Antony hakuwaita hivyo. Alishuhudia tu heshima yao mara moja kupita kiasi.

Hapa mfasiri ana mtihani. Kiswahili kina neno "ati", ambalo hufaa sana kwa kukataa dhamana ya usemi. Lakini mfasiri akilitia "ati" kinywani mwa Antony, amevunja lile sharti la Brutus. Kejeli imefunuliwa kabla ya wakati wake, na umati hauna tena kitu cha kukigundua. "Hakika" nalo lina uzito wa kiapo, na laweza kuifanya sifa ionekane ya kweli. Linalokaribia zaidi ni "bila shaka", kwa sababu nalo limechakaa kama ndugu zake wa Kiingereza. Mtu aandikaye katika barua yake kwamba bila shaka rafiki yake hajambo, hana yakini ya afya ya rafiki huyo, atumaini tu. Neno lenye uso wa uthabiti na tumbo la matumaini ndilo afaalo kupewa Antony.

Ikiwa katika "Julius Caesar" kielezi cha uhakika chaangusha heshima ya mtu, katika "Othello" chaangusha maisha ya watu. Tamthilia hiyo ilichezwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1604, na kiini chake kimo katika onyesho la tatu la tendo la tatu. Iago amuuliza Othello kama Cassio alijua habari za mapenzi yake na Desdemona tangu mwanzo. Othello ajibu kwamba alijua, na kwamba mara nyingi alikuwa mjumbe baina yao. Iago atamka neno moja tu: "Indeed". Othello alidaka neno hilo, alirudia mara mbili, kisha auliza kama mwenziwe ameona kitu humo.

Hapana mahali katika fasihi ya Kiingereza ambapo neno dogo limefanya kazi kubwa hivyo. "Indeed" kwa asili yake ni neno la kuthibitisha: ni la tendo, ni la jambo lililokuwa. Iago hasemi uwongo alitamkapo, wala hakanushi alilosikia. Athibitisha. Lakini athibitisha jambo ambalo hapakuwa na mtu aliyelipinga, na uthibitisho usioombwa huzaa swali ambalo halikuwapo. Othello aliyekuja na yakini nzima ajikuta ana kitu cha kuchunguza. Kuanzia hapo hujiletea maangamizi mwenyewe, swali baada ya swali, na Iago hurudisha tu maneno ya bwana wake kama mwangwi pangoni.

Kisha Othello adai ushahidi wa macho. Msomaji wa Kiswahili anayo njia yake ya kulielewa dai hilo. Neno "yakini" limetoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu wamekwisha kulipambanua kwa daraja tatu: yakini ya elimu, yakini ya jicho, na hakika ya yakini yenyewe. Mfano wao mashuhuri ni wa moto. Mtu husikia habari za moto na kuzisadiki, mwingine huuona, wa tatu hugusa akaungua. Othello hana hata daraja ya kwanza, maana hakupewa elimu, amepewa kielezi. Ataka kurukia daraja ya pili, naye apewa leso. Aiona kweli leso ile mikononi mwa watu wengine, lakini jicho lake limekwisha fundishwa la kuona. Anapofika daraja ya tatu, daraja ya kuungua, Desdemona amekwisha kufa.

Mfasiri wa kipande hiki naye asitazame kamusi tu. Akiandika "Hakika" mahali pa "Indeed" atapata neno ambalo hapana Mswahili alitumiaye kwa kumchokonoa mwenziwe. Lakini lipo neno "kweli". Sauti yake ikishuka, lathibitisha, ikipanda, lauliza, ikikaa katikati, hujui. Iago angesema "Kweli", na Othello angejibu "Kweli? Ndiyo, kweli", na sumu ingepita kutoka lugha moja hadi nyingine bila kumwagika hata tone.

Jane Austen, miaka mia mbili na zaidi baada ya Iago, alikitumia chombo hicho kwa namna ya upole lakini si kwa ukali mdogo. Katika "Emma", riwaya iliyotoka Desemba 1815, msichana mwenye akili na mali ameridhika kwamba Bwana Elton ampenda Harriet Smith. Mambo yote ayaona kwa jicho hilo: mafumbo yaliyoandikwa kwa mashairi, ziara, tabasamu. Watu wawili wamwonya, kila mmoja kwa wakati wake, naye hawasikii. Ustadi wa Austen ni kwamba maneno ya yakini yaliyojaa katika sura zile yameandikwa kama ya msimulizi, kumbe ni ya Emma. Msomaji wa mara ya kwanza huyapokea kama habari. Bwana Elton anapomposa Emma mwenyewe ndani ya gari la farasi, usiku wa kuamkia Krismasi, msomaji hulazimika kurudi nyuma na kuuliza kila neno la uhakika: wewe ulitoka kinywani mwa nani? Swali hilo ndilo somo la riwaya nzima. Nalo ndilo swali la kuulizwa kila kitabu.

Maana ugonjwa wa Emma haukubaki katika riwaya. Umeingia katika maandishi ya elimu, tena kwa heshima. Yasimuliwa habari za Nathaniel Bowditch, Mmarekani aliyefasiri kazi kubwa ya Laplace juu ya mwendo wa sayari, katika juzuu nne zilizochapishwa Boston baina ya 1829 na 1839. Bowditch alizoea kusema kwamba kila alipolikuta tamko la Laplace kuwa jambo fulani laonekana waziwazi, alijua kwamba saa nyingi za kazi ngumu zamngoja, mpaka aipate njia ambayo mwandishi ameiruka. Laplace alikuwa na hoja. Yawezekana kwake yeye jambo lilikuwa wazi kweli. Lakini neno la uwazi lilikaa hasa mahali ambapo uwazi ulikosekana kwa msomaji.

Waingereza wenyewe wameliona kosa hili. H. W. Fowler, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha mwaka 1926, aliwakemea waandishi watumiao "of course" kutanguliza jambo la mbali ambalo wao wenyewe wamelichimbua punde kutoka kitabu cha marejeo. Na mwanafalsafa Daniel Dennett, katika kitabu cha mwaka 2013, aliwashauri wasomaji wa falsafa wasikiapo "surely" waone kama kengele imelia: hapo huenda ndipo kiungo dhaifu cha hoja kilipo, mahali ambapo mwandishi alitumaini kupita bila kuulizwa hati.

Ubaya wa "of course" wazidi ule wa kukosa ushahidi. Neno hilo huifanya kazi ya kuuliza kuwa ya aibu. Mwanafunzi asomaye kwamba jambo fulani lajulikana bila kusemwa, naye halijui, hudhani kasoro ni yake. Hunyamaza. Mwandishi amejipatia ukubali bila kuutolea thamani, na aliyenyang'anywa hajui kwamba ameibiwa. Hivyo ndivyo Iago alivyomtawala Othello, na hivyo ndivyo kitabu kibaya kimtawalavyo msomaji mnyenyekevu.

Pwani ya Waswahili yenyewe imeonja matunda ya jambo hilo. Kwa muda mrefu wasomi wengi walioandika kwa Kiingereza waliihesabu miji ya kale ya mawe, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Kilwa, kuwa kazi ya wageni waliotoka Uarabuni na Uajemi. Jambo hilo lilihesabiwa kuwa bayana, nalo lilikuwa "obvious" kwa maana ya asili kabisa: lilikuwa njiani mwao. Atazamaye kutoka baharini hukutana kwanza na bandari na msikiti. Lakini Mark Horton na wenzake walipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, walikuta chini ya majengo ya mawe tabaka za majengo ya miti na udongo yaliyotangulia, na misikiti ikijengwa juu ya misikiti mahali pale pale, kutoka mti hadi jiwe. Mji ulikuwa umekua kutoka ndani yake wenyewe. Jembe lilikipinga kielezi, na jembe likashinda. Mtu aweza kujiuliza ni wanafunzi wangapi wa pwani walisoma habari za mababu zao katika vitabu vya awali, wakaona neno la yakini, wakafunga kinywa.

Wako walimu wa Kiingereza ambao dawa yao ni nyepesi: vielezi hivi vyote vifutwe. Dawa hiyo yazidi ugonjwa. Kielezi cha uhakika kina kazi zake za halali. "Certainly" akilitoa mwenyeji kumjibu mgeni aombaye maji, ni adabu njema, wala si hoja. "Admittedly" na "no doubt" humwezesha mwandishi kumpa mpinzani haki yake kabla ya kumjibu, na mjadala usio na maneno hayo ni ugomvi. Tena hakimu aliyekwisha kupima ushahidi wote ana haki ya kusema "clearly", kwa kuwa ushahidi umewekwa mezani na kila mtu aweza kuushika. Kipimo kimoja chatosha. Kielezi kikiondolewa na sentensi ikabaki imesimama, kilikuwa pambo au adabu. Kikiondolewa na sentensi ikayumba, kilikuwa kimebeba mzigo ambao ulipaswa kubebwa na ushahidi. Na kikiwa katika kinywa cha mhusika wa tamthilia, kisiguswe, bali kichunguzwe.

Kwa mwanafunzi ambaye lugha yake ni Kiswahili, yako mambo matatu yanayotoka katika haya. La kwanza lahusu "surely". Mwanafunzi atakaye kusema kwamba hakika mgeni atafika kesho, huandika "Surely the guest will arrive tomorrow", naye hajui kwamba masikioni mwa Mwingereza ameonyesha wasiwasi. Kiswahili kinacho kifaa cha kazi hiyo, lakini si "hakika". Ni kile kiulizo cha "si". "Surely you know him" ni "Si unamjua?", swali lililokwisha chagua jibu lake. Mwenye kulijua hilo atakuwa ameijua tabia nzima ya neno, maana "si" ni kukana kunakoomba kukubaliwa.

La pili lahusu "clearly". Kiingereza huliweka neno hili kichwani mwa sentensi kama kofia, na waandishi wengine wa Kiswahili siku hizi huiga, wakaanza sentensi kwa "Kwa uwazi". Kiswahili chema husema "Ni wazi kwamba". Tofauti si ya urembo. Katika "Ni wazi kwamba", uwazi umekuwa dai kamili lenye kitenzi chake, nalo laweza kukanushwa kwa neno moja: "Si wazi". Mwingereza akisema "Clearly", msikilizaji hana mahali pa kulishika dai hilo ili alikatae. Mswahili amelitoa dai hadharani. Katika hili lugha ya Kiswahili ni mwadilifu zaidi, na ni hasara kuutupa uadilifu huo kwa kuiga.

La tatu ni kwamba Kiswahili hakijasalimika na uchakavu. "Yaonekana" lilitoka katika kuona, na sasa mara nyingi latumika mahali ambapo mtu hakuona. "Bila shaka" limekwisha tajwa. "Ukweli ni kwamba" hutangulia mara nyingi yale ambayo msemaji hawezi kuyathibitisha. Kwa hiyo atakayeisoma lugha ya Kiingereza kwa jicho lililofunguka, na aisome yake pia. Kila akutapo neno la yakini, katika lugha yoyote, na aulize maswali mawili: ni nani aliyekuwa na shaka hata neno hili likahitajika, na ushahidi wake uko wapi? Pengine ushahidi utakuwapo, na neno litakuwa limestahili nafasi yake. Usipokuwapo, msomaji atakuwa amelipata shimo ambalo kielezi kilitandikwa juu yake kama jamvi, naye ataweza kupita kando.